Bakoki Hamwiti Mwenzake Mheshimiwa

Baba yangu mdogo, Bramwel Wakoli, ni seremala. Kwa miaka mingi alifanya kazi Kitale, kwenye karakana nyuma ya soko, akitengeneza milango na vitanda. Alipochoka na mji alirudi kwenye shamba letu nje kidogo ya Kimilili, akaweka meza yake ya kazi kando ya ghala la mahindi. Ni mtu mrefu, mkimya, asiyependa kusimama penye watu wengi. Ukikutana naye sokoni huenda usikumbuke alichosema. Lakini wako watu ambao mbele yao anabadilika kabisa, mdomo unafunguka, na hao ni bakoki zake.

Kwetu Bungoma wanaume waliotahiriwa msimu mmoja huitana bakoki. Walipakwa matope ya mto mmoja, alfajiri moja, wakasimama mbele ya kisu bila kupepesa macho, na tangu siku hiyo hakuna cheo kinachoweza kuingia kati yao. Bakoki anaweza kukuita mwizi au mchawi mbele ya wakwe zako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Kazi yako ni kutafuta tusi kubwa zaidi umrudishie. Nimemwona mwalimu mkuu akitukanwa na mchunga ng'ombe hadi machozi ya kicheko yakamtoka. Jambo moja tu bakoki hawezi kukufanyia, nalo ni kukusemesha kwa heshima. Akikusemesha hivyo, amesema hakujui.

Tobias Makhanu ni bakoki ya baba mdogo. Walikua pamoja, waliiba miwa pamoja, na kila mmoja alisimama kwenye harusi ya mwenzake. Leo Makhanu ni mwakilishi wa wadi yetu katika bunge la kaunti kule Bungoma na mwenyekiti wa kamati ya afya, ingawa nyumba anayolala iko Kitale, na gesti yake iko Kitale pia. Alipogombea kiti, baba mdogo, ambaye hajawahi kusimama kwenye jukwaa, alitembea boma kwa boma akisema, "Huyu namjua." Hakusema zaidi ya hapo. Kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno machache, watu walimwamini.

Zahanati yetu iliahidiwa vitanda na magodoro ya wodi ya kujifungulia. Lori lilifika Bungoma, picha zikapigwa, hotuba zikatolewa. Zahanati haikuona hata mto. Emmy, kitinda mimba wa baba mdogo, alijifungua juu ya benchi la kungojea wagonjwa, na muuguzi akamtandikia leso yake mwenyewe. Tuliambiwa vifaa viko njiani, tukangoja.

Halafu mwuza mbegu mmoja anayezunguka, Thuo, alilala kwenye gesti ya Makhanu. Akamwaga chai kitandani. Akatandua shuka haraka aikaushe kabla mhudumu hajaona, na kwenye godoro akakuta muhuri wa kijani wa kaunti, na chini yake maneno ya kuonyesha kwamba godoro ni la wodi ya wazazi. Akaenda chumba cha pili kilichokuwa wazi, akainua shuka. Muhuri uleule. Alipiga picha, na kabla jua halijapanda sana picha ilikuwa imefika Kimilili.

Kwetu mambo ya namna hiyo husikilizwa katika hoteli ya Dinah, karibu na stendi. Dinah ni mjane wa makamo, mpishi wa chapati na mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Siku hiyo hakuna aliyeagiza chakula. Watu walikuja kusema tu.

"Ajiuzuru," alisema Wabwile, mwendesha bodaboda. "Hakuna cha kujadiri."

"Jifunze kwanza kulisema hilo neno," mtu akamwambia. "Ni ajiuzulu."

"Si ndiyo nimesema bana. Ajiuzuru."

"Ukimtoa huyu ataingia mwingine mwenye njaa. Huyu angalau ameshiba."

"Ameshiba magodoro?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja aliyekuwa karani wa mahakama alisubiri kicheko kiishe. "Nani amewahi kujiuzulu hapa?" akauliza. "Wa kwetu ndiye aanze, ili wa wadi zingine watucheke?"

Dinah aliweka sufuria chini. "Mimi nimeshika mikono ya wanawake wakizaa kwa hilo benchi," akasema. "Na nyinyi mnaogopa nani atacheka." Kisha akamgeukia baba mdogo, aliyekuwa amekaa pembeni na kikombe kilichopoa. "Baba Emmy, enda umwambie. Mimi nikisema, atasema nimetumwa na wapinzani wake. Mchungaji akisema, atasema kanisa liache siasa. Wewe ni bakoki yake. Hawezi kukukasirikia."

Watu wote wakamtazama. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba maneno yake ya zamani, yale ya "huyu namjua," yamemrudia yakitaka jibu. Hakutaka Makhanu afungwe wala aaibishwe. Alitaka kitu kimoja: amwambie uso kwa uso aache kiti, na Makhanu asikie.

"Nitamwambia," akasema.

Dinah alikwenda naye Kitale ili awe shahidi, na mengi ya yaliyotokea huko nimeyapata kwake, kwa sababu baba mdogo hayasemi vizuri hadi leo. Makhanu alikuwa ukumbini na wageni waliokuja kumpa pole. Alipomwona baba mdogo mlangoni aliinuka, uso umemeta.

"Nani amefungulia huyu geti?" akawauliza wageni. "Hesabuni vijiko. Huyu aliiba hata jembe la mamake."

"Vijiko vyako nani anataka," baba mdogo akajibu. "Hata panya hapa wanakuja na chakula yao."

"Kaa chini, mwoga wewe. Kule mtoni ulitetemeka kama kifaranga."

"Mimi nilitetemeka juu ya baridi. Wewe ulifumba macho, ulikuwa unaombea nini?"

Ukumbi ulikuwa umeshachangamka. Dinah anasema ndipo alipoanza kuogopa, kwa sababu aliona kila mtu mle ndani amekwisha kuingia kwenye mchezo na mlango umefungwa nyuma yao. Baba mdogo naye aliona. Hakukaa. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Makhanu, wewe ni mwizi," akasema. "Umechukua magodoro ya akina mama ukalazia wateja wako. Binti yangu alizaa kwa benchi. Toka kwa hicho kiti."

Kisha Makhanu akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni, hadi akalazimika kushika mkono wa kochi. "Mmesikia?" akawaambia wageni. "Mmesikia bakoki yangu? Hakuna mwingine katika kaunti nzima anaweza kuniambia hivyo kwa nyumba yangu. Mwizi ni babako."

"Sichezi, Makhanu."

"Hata mimi sichezi. Mwizi ni babako, na babu yako ndiye alimfundisha."

Ukumbi wote ukacheka. Na baba mdogo akacheka pia.

"Mdomo ulicheka wenyewe," aliniambia baadaye. "Tangu nikiwa kijana, Makhanu akinitukana ninacheka. Haukuniuliza."

Chakula kikaletwa. Makhanu mwenyewe alichukua kijiko, akatafuta firigisi kwenye mchuzi, ambayo kwetu haipewi mtu ovyo, akaiweka kwenye sahani ya baba mdogo. Baba mdogo akaila. Dinah hakugusa chakula, alisema tumbo linamsumbua. Kijana wa Makhanu akapiga picha, wawili hao wameshikana mabega, midomo imejaa.

Walipotoka nje ya geti, Dinah alimuuliza, "Umemwambia?"

"Si ulikuwa hapo. Ulisikia."

"Mimi nilisikia, Baba Emmy. Nauliza kama yeye alisikia."

Alivaa kofia yake, akatangulia kuelekea stendi.

Picha ilitangulia kufika. Chini yake Makhanu alikuwa ameandika kwamba watu wa wadi yake wamemtembelea kumtia moyo. Asubuhi yake alihojiwa kwenye redio Bungoma, na alipoulizwa kama atajiuzulu, sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Walimtuma bakoki yangu anitukane," akasema. "Akanitukana sawasawa. Tukacheka, tukala kuku. Kwetu mambo yakifika hapo yamekwisha."

Niliisikia redio hiyo nikiwa kwenye chumba cha walimu shuleni kwetu, Bungoma, ambapo ninafundisha. Mwenzangu mmoja aliyejua tunatoka boma moja alinitazama, kisha akainamia vitabu vyake. Sikuwa nimefanya lolote. Hata hivyo nilitoka nje nikasimama kando ya tangi la maji hadi kengele ilipolia.

Mwisho wa juma nilienda nyumbani. Kimilili hawakumwonea huruma. Alipopita stendi Wabwile alizima pikipiki makusudi amuulize, "Mzee, ile firigisi iriiva?" Wengine waliacha kumsalimia. Waliokuwa upande wa Makhanu, nao ndio walioniudhi zaidi, walimsalimia kwa furaha kama mwenzao. Karani wa mahakama alimshika mkono akamwambia amefanya busara.

Emmy alimpikia babake kama kawaida, akamwekea maji ya kunawa, akaketi upande wa pili wa meza akinyonyesha. Kama angemlaumu ingekuwa nafuu. Baba mdogo alikula ugali akiangalia sahani, na alipomaliza alisema ahsante, neno ambalo sijawahi kumsikia akimwambia mtoto wake kwa sababu ya chakula.

Nilimfuata karakanani kwake, kando ya ghala. Alikuwa akipiga randa ubao ambao ulikuwa umeshalainika.

"Ningemwambiaje?" akaniuliza bila kuinua kichwa. "Wewe umesoma. Kila neno baya nililonalo nimeshamwambia yule mtu tangu tukiwa vijana. Mwizi nimemwita, mchawi nimemwita. Nimeyatumia yote kwa mchezo. Siku ya kuyahitaji, hayana makali."

Nilimwambia watu watasahau.

"Emmy atasahau?"

Nilikaa kwenye kigogo nikatazama maranda yakianguka miguuni pake.

Juma lililofuata kulikuwa na mazishi Misikhu, ya mwalimu mstaafu tuliyekuwa na udugu naye kwa upande wa nyanya. Tulienda sote, Emmy akiwa na mtoto mgongoni. Makhanu alikuja ibada ikiwa katikati, na magari, na vijana waliosimama nyuma ya hema wakiwa wamevaa fulana za rangi moja. Alipopewa nafasi ya kusema alimtaja marehemu kwa ufupi. Kisha akakohoa.

"Watu wa Mungu," akasema, "wengine kule kwa mtandao wanasema nijiuzulu. Sasa mimi nauliza wenye kura. Nijiuzulu?"

"Hapana," vijana wa nyuma wakaitikia.

"Sijasikia."

"Hapana."

Niliwatazama watu waliokuwa mbele yangu kwenye viti vya plastiki. Wengi walikuwa kimya. Mama mmoja alikuwa akichana ukingo wa karatasi ya ratiba vipande vidogo. Walikuwa wengi kuliko wale wa nyuma, sisi tulikuwa wengi kuliko wale, lakini kimya chetu hakikusikika hata kidogo, na yeye akainua mikono akasema hayo ndiyo maoni ya wananchi, magazeti yaandike.

Pengine angeishia hapo na siku ingepita. Lakini alimwona baba mdogo kwenye safu ya tatu.

"Na yule pale bakoki yangu," akasema, akicheka tayari. "Yule ndiye mlimtuma Kitale. Bakoki, njoo hapa. Waambie watu ulichoniambia. Usiache hata tusi moja."

Watu wakageuka. Emmy aliinamisha kichwa. Baba mdogo aliinuka, akapita katikati ya viti akiomba radhi kwa kila goti aliloligusa, akafika mbele. Makhanu alimkumbatia, akampa maikrofoni. Baba mdogo alirudi nyuma hatua moja ili wasigusane.

"Mheshimiwa Tobias Makhanu," akasema. "Mwakilishi wa wadi yetu. Nakusalimu."

Wazee waliokuwa mbele waliinua vichwa. Wageni na vijana hawakuona kitu, waliendelea kungoja tusi. Lakini wanaume wote wa rika lile waliokuwa chini ya hema walisikia, na niliona mmoja wao akigusa paja la jirani yake.

"Naomba nikuambie kwa heshima, Mheshimiwa," baba mdogo akaendelea. Maikrofoni ilikuwa inagonga kidevu chake. "Magodoro ya wazazi yalikutwa kwako. Binti yangu alijifungua juu ya benchi. Mimi ndiye niliyewaambia watu wakuchague, nikasema nakujua. Ninakuomba ujiuzulu, tafadhali."

"Bakoki, si unitukane vizuri," Makhanu akasema. Bado alicheka, akizungusha macho kutafuta wa kucheka naye. "Leo umeoga na sabuni ya nani?"

"Sina tusi kwako, Mheshimiwa."

"Wewe mwoga wa mtoni."

"Labda umenifananisha na mtu, Mheshimiwa."

Alilisema kwa upole, kama unavyomwambia mgeni aliyekosea mlango. Tukasikia jenereta nyuma ya nyumba. Makhanu alibaki na mdomo wazi kidogo, na kicheko kilichobaki usoni hakikuwa na pa kwenda. Nilimchukia mtu huyu kwa majuma mawili. Wakati huo sikuweza kumtazama. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyevuliwa nguo mbele ya mama zake, na tulikuwa sote tumekaa pale tukimtazama, na jeneza likiwa katikati yetu. Alipokea maikrofoni, akaishika, akampa mchungaji. Magari yakaondoka kabla ya maiti kuteremshwa kaburini.

Baada ya mazishi Wabwile na vijana wengine walimjia baba mdogo mbio, wakamshika miguu wamwinue juu. "Nishusheni," akawaambia. "Watu wanaomboleza hapa." Wakamshusha. Alitafuta mahali nyuma ya jikoni, karibu na kuni, akakaa peke yake hadi tulipoondoka. Emmy alimpelekea chai. Sijui waliongea nini, lakini kikombe kilirudi kitupu.

Simu ilikuja siku iliyofuata mchana, tukiwa karakanani. Baba mdogo husikia kwa shida sikio la kulia, kwa hiyo simu yake ina sauti kubwa, na sikuweza kutosikia.

"Umeniua mbele ya watu," Makhanu akasema.

Baba mdogo aliweka randa chini.

"Kila mtu ananiita Mheshimiwa. Hata bibi yangu siku hizi ananiita Mheshimiwa. Wewe tu ndiye ulikuwa umebaki unaniita Makhanu. Sasa nitaitwa na nani?"

"Acha kiti," baba mdogo akasema. "Acha kiti hata leo jioni, uje hapa kwa miguu, nikutukane mpaka asubuhi."

Nilitamani Makhanu aseme ndiyo. Nilimwona baba mdogo naye akitamani, ameegemea meza, amefumba macho.

"Unajua siwezi," Makhanu akasema mwishowe.

"Basi siku njema, Mheshimiwa."

Aliweka simu kwenye maranda, akatoka nje, akaenda kusimama kwenye mahindi ambako hakuna mtu angemwona uso.

Makhanu hajajiuzulu. Kesi inasemekana iko kwa wachunguzi, na hotelini kwa Dinah bado wanabishana, ingawa siku hizi wanabishana kwa sauti ya chini kidogo. Wako wanaosema baba mdogo alifanya vizuri. Wako wanaosema jambo la rika haliletwi kwenye maikrofoni. Benchi bado liko zahanatini. Emmy anamsemesha babake kama zamani, na mtoto ameanza kutambaa kwenye maranda.

Bakoki zake wengine hawakumtenga. Wanapita, wanasimama, wanaulizia mahindi. Mwanzoni walijaribu utani, mmoja akamwita mla firigisi, akingoja arudishiwe. Baba mdogo alitabasamu tu, akamkaribisha kiti. Nilimuuliza kwa nini hakumjibu, akasema neno lilifika mdomoni, kisha akaukumbuka uso wa Makhanu pale Misikhu, akaona haya. Yule mtu alikaa kidogo, akaaga. Tangu hapo wamekuwa waangalifu naye. Juzi nilikuwepo walipopita watatu wao kutoka sokoni. Walivua kofia wakiwa bado barabarani.

"Habari ya asubuhi, Mzee Wakoli," wakasema.

"Nzuri," akawajibu, naye akavua yake.